Makaroni ya Jumamosi

"Na Jumamosi, nani atawapikia makaroni sasa?"

Swali hilo liliulizwa na jirani yao mshonaji siku ya tatu baada ya maziko ya Mama, akiwa amepiga magoti uani anasugua masufuria yaliyopikia waombolezaji. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, ulimi wake ukienda mbio kama sindano ya cherehani yake, na ndiyo maana watoto wa mtaani walimwita Mama Cherehani. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza kama mvua itanyesha. Lakini Baba, aliyekuwa ameegemea mlango, aliingia kwenye karakana yake ya useremala akajifungia. Bibi alitazama pembeni. Na msichana wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa anafuta vikombe, alilibeba swali lile miezi mitano mizima, kama mtu aliyekanyaga mwiba akaona haya kusema.

Msichana huyo nyumbani aliitwa Kijiko. Jina alipewa na mama yake, kwa sababu tangu alipokuwa mdogo, kichwa chake hakijafika juu ya meza, alikuwa akisimama jikoni na kijiko mkononi akisubiri kuonja. Alikuwa na mdogo wake wa miaka mitano, mwenye mashavu ya kujaa na tumbo la kutangulia, ambaye kila mtu alimwita Bonge.

Mama yao alipokuwa hai, jioni ya kila Jumamosi ilikuwa na harufu yake. Alikuwa akioka makaroni na kuku ndani ya mchuzi mzito wa maziwa, kwenye bakuli la kioo la pembe nne alilopewa siku ya harusi yake. Chakula kikiiva, hakumwita mtu kwa jina. Alichukua mwiko wake wa mti akagonga ukingo wa bakuli mara tatu: ko, ko, ko. Mlio huo ulivuka ua hadi karakanani. Msumeno ulinyamaza, na muda si muda Baba aliingia ana vumbi la mbao kwenye nywele, akisema, "Nimesikia kengele ya hoteli." Kila Jumamosi alisema maneno hayohayo, na kila Jumamosi Mama alicheka.

Sasa Baba hakuwa anakuja mezani. Meza aliitengeneza mwenyewe, na viti vyake vinne, lakini chakula alikuwa akipelekewa karakanani. Alikula amesimama, sahani juu ya meza ya kazi katikati ya misumari. Mara nyingi sahani ilirudi imeguswa kidogo tu. Bibi, mama yake Baba, aliyekuja na mfuko mmoja akidhani atakaa wiki moja, aliichukua sahani ile, akaitazama, akaenda kuiombea chumbani kama wengine wanavyoombea wagonjwa.

Jumamosi moja asubuhi, Kijiko alimaliza kufagia ua, akamwogesha Bonge, akafua sare zao za shule, kisha akamfuata Bibi aliyekuwa anachambua mchele.

"Bibi, leo nipike mimi."

"Upike nini, mjukuu wangu?"

"Makaroni ya Mama."

Mikono ya Bibi ilisimama kwenye ungo. "Unayajua?"

"Nimesimama pale miaka yote, Bibi. Nayajua kwa macho."

"Kwa macho hata mimi najua kuendesha ndege," alisema Bonge, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya pipa la maji.

"Wewe nyamaza, tumbo wewe," Kijiko alimjibu.

Bibi alitabasamu kidogo, tabasamu lisilofika machoni. "Haya. Kuku tunaye. Maziwa kamwombe Mama Cherehani, na ukiona ana jibini, usione aibu kuomba. Lakini utaokea kwenye trei ya bati. Lile bakuli la kioo liache lilipo. Baba yako akiliona sijui moyo wake utafanyaje."

Mama Cherehani alimpa maziwa chupa mbili na kipande cha jibini, pamoja na maneno yanayotosha kujaza ndoo. "Mchukue na huyu paka wangu akusaidie kuonja. Wasipokula, mimi nakuja na sahani yangu mwenyewe. Nakuja hata wakila."

Saa tisa alasiri Kijiko aliingia jikoni. Kuku alikuwa ameshachemka na vitunguu na chumvi, akaachwa apoe. Alimnyambua vipande vidogovidogo, akitoa kila mfupa, maana Mama alikuwa akisema mfupa mmoja ukimpalia mtoto sherehe imekwisha. Supu ya kuku aliihifadhi kwenye sufuria. Alichemsha makaroni akayachuja yakiwa bado magumu kidogo, kwa kuwa yangemalizikia kuivia ndani ya oveni. Kisha aliyeyusha siagi, akatia unga wa ngano, akakoroga hadi ukatoa harufu ya karanga za kukaangwa. Alipomimina maziwa, alimimina mengi kwa pupa, na mchuzi ukafanya madonge.

"Mbona kama uji wa jela?" aliuliza Bonge, akichungulia.

Kijiko alitaka kulia. Lakini alikumbuka siku Mama alipopatwa na jambo hilohilo: alichukua chujio, akaupitisha mchuzi wote, akayaponda madonge kwa nyuma ya kijiko, wala hakumwambia mtu. Akafanya vivyo hivyo. Mchuzi ukatoka laini, mweupe, unateleza. Alionja. Kwa mara ya kwanza tangu maziko, ulimi wake uliikumbuka Jumamosi.

Hapo ndipo trei ya bati ilipomkera. Aliitazama pale mezani, imebonyea, nyeusi pembeni. Aligonga ukingo wake kwa kidole. Ilitoa mlio wa debe. Baba hawezi kuja kwa mlio wa debe, alijiambia.

Bibi alikuwa amesinzia kwenye mkeka. Kijiko alipanda juu ya kigoda, akalishusha bakuli la kioo kutoka juu ya kabati. Lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa cha kichwa cha Mama, na kitambaa bado kilikuwa na harufu ya mafuta yake ya nywele. Alisimama pale juu ya kigoda, uso wake ndani ya kitambaa, hadi Bonge akauliza kama amekwama.

Aliliosha kwa maji ya uvuguvugu. Akapanga makaroni, kuku na mchuzi, akatandaza jibini juu, na chenga za mkate mkavu. Mlango wa oveni yao haukuwa unafunga vizuri. Mama alikuwa akiuegemeza kwa kigoda, naye akauegemeza hivyohivyo. Baada ya nusu saa pembeni kulikuwa kunatokota mapovu, na juu kumepata rangi ya dhahabu. Harufu ilitoka jikoni ikavuka ua. Bibi aliamka. Alipoingia na kuliona bakuli, alisimama mlangoni.

"Nisamehe, Bibi," alisema Kijiko upesi. "Trei hailii vizuri."

Bibi alielewa. Akashusha pumzi. "Basi. Limeshatoka, limetoka. Mwiko uko wapi?"

Hapo ndipo Kijiko alipogundua kwamba hajauona. Alifungua droo. Akatazama nyuma ya jiko, chini ya magunia, hata ndani ya ndoo ya mkaa. Mwiko wa Mama haukuwepo.

"Tangu nimekuja hapa sijawahi kuuona," alisema Bibi. "Kamwite baba yako kwa mdomo."

Lakini Bibi alipotoka kwenda kutandika meza, Kijiko aliona upawa wa chuma unaning'inia ukutani. Akauchukua. Alisimama mbele ya bakuli. Akagonga ukingo mara tatu, na kwa kuwa aliogopa Baba hatasikia, mara ya tatu aligonga kwa nguvu.

Msumeno ulinyamaza.

Kijiko aliganda pale alipo. Alisikia mlango wa karakana ukifunguka. Alisikia hatua zikivuka ua, polepole, zikasimama, zikaendelea. Baba aliingia. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, na vumbi la mbao lilikuwa kwenye nywele zake. Alimtazama binti yake, akalitazama bakuli. Hakusema neno la hoteli. Lakini alipita hadi mezani, akavuta kiti chake, akakaa.

Kijiko alipoinamia bakuli ili alibebe, akauona. Kwenye ukingo, pale alipogonga mara ya tatu, palikuwa na pengo. Lilikuwa dogo, sawa na ukucha wa kidole cha mwisho.

Alitazama sakafuni. Hakuna kitu. Alitazama juu ya jiko, akapangusa kwa kiganja. Hakuna kitu. Alitazama juu ya makaroni, lakini jibini lilikuwa linang'aa kila mahali, na chenga za mkate zimetapakaa, na kioo ni kioo. Hakina rangi ya kujitambulisha.

Labda kimerukia mbali, alijiambia. Bila shaka kimerukia mbali.

"Bado unakiangalia tu?" Mama Cherehani alikuwa ameshafika mlangoni na sahani yake mkononi, kama alivyoahidi. "Mama, shikamoo. Harufu imenishika sikio, imenivuta kama mbuzi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae," Bibi alimjibu. "Kijiko, lete chakula."

Alikileta. Angefanya nini? Baba amekaa. Miezi mitano alikuwa hajakaa. Akisema sasa, chakula kitamwagwa, na Baba atainuka, na nani anajua kama atakaa tena? Isitoshe, alikatazwa asiliguse bakuli, akaligusa. Nalo lilikuwa kitu pekee cha Mama kilichobaki kizima. Alipakua kwa kijiko kikubwa, akianza upande wa mbali na pengo. Alimpakulia Baba, Bibi, Mama Cherehani. Alipofika kwa Bonge, Bonge akasema, "Mimi nataka pale pembeni, palipoungua," akanyoosha kidole upande ule ule wa pengo.

"Hapo pana moto," alisema Kijiko.

"Mpe anapotaka," alisema Baba. Sauti yake ilikuwa nzito, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. "Mama yake alikuwa akimpa pembeni."

Kijiko alimpakulia pembeni.

Bibi aliinamisha kichwa akaomba. Bibi hakuwa mtu wa sala fupi. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, na waliokosa chakula. Aliomba kwa ajili ya marehemu, Mungu ampumzishe. Akasema, "Na mkono wa mtoto huyu uliotuandalia, Bwana, uubariki, usiwe na hila ndani yake." Kijiko alifumba macho kwa nguvu. Akaomba na yeye kimoyomoyo, lakini hakuwa anaomba ukweli. Alikuwa anaomba kioo kiwe sakafuni.

"Amina," walisema wote.

Baba alitia uma kwenye makaroni, akapeleka mdomoni. Alitafuna. Kisha alifumba macho, akaacha kutafuna, akakaa hivyo, uma ukiwa umesimama hewani. Chozi lilimtoka likashuka hadi kwenye ndevu. "Ni yenyewe," alisema. "Ni yenyewe kabisa."

Hayo ndiyo maneno ambayo Kijiko alikuwa ameyangoja tangu siku ile ya tatu baada ya maziko. Na alipoyasikia, alimwona Bonge ameinua kijiko kilichojaa hadi puani, anakipuliza, mashavu yametuna.

"Usile," alisema.

Bonge akamtazama. "Kwa nini?"

"Msile. Msile, mtu yeyote asile." Alimnyang'anya Bonge kijiko, makaroni yakamwagika mezani. "Baba, tema. Nimevunja bakuli. Kimevunjika kipande na sijui kiko wapi."

Mama Cherehani alisukuma sahani yake mbali. Baba alitema kwenye kiganja, akakichambua kile alichotema kwa kidole gumba. Kisha aliinuka, akalivuta bakuli mbele yake, akapapasa ukingo hadi kidole kikasimama kwenye pengo.

"Umegonga kwa kitu gani?"

"Kwa upawa. Mwiko sikuuona."

Baba alivuta sahani ya Bonge. Kwa vile vidole vyake vilivyozoea kutafuta kibanzi kwenye ubao, alianza kuchambua, tambi moja baada ya nyingine, akizisogeza pembeni. Bonge alisimama kando yake, kidole mdomoni. Bibi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Hiki hapa," alisema Baba.

Kilikuwa chini ya kipande cha kuku, kimejipaka mchuzi. Alikiosha kwenye glasi ya maji, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakipachika kwenye pengo. Kiliingia barabara, bila kubakiza hata nafasi ya unywele. Kilikuwa na ncha mbili, kama jino la paka.

"Hicho kingeingia kooni mwa mtoto huyu," alisema Mama Cherehani polepole, na safari hii hakuongeza neno.

Kijiko alianza kulia. Si kilio cha sauti. Mabega tu yalikuwa yanapanda na kushuka. Bibi alimwita karibu, akamsimamisha kati ya magoti yake.

"Nitazame. Ulijua tangu lini?"

"Kabla ya sala, Bibi."

"Ukanyamaza wakati ninaomba."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Baba alikuwa amekaa."

Baba aligeuza uso dirishani.

Bibi alimfuta machozi kwa pindo la nguo yake, lakini sauti yake haikulegea. "Sikiliza, mjukuu wangu, na wewe Bonge sikiliza, maana siku moja itakuwa zamu yako. Kuvunja si kosa kubwa. Mikono huteleza, na hata kama nilikukataza, hilo tungelisema likaisha. Kosa ni pale ulipoona hatari ukaipakua kwenye sahani ya mwenzako kwa sababu ulitaka jioni iwe nzuri. Jioni nzuri ya namna hiyo ingetuua. Mama yako alipenda makaroni yake, lakini angeyamwaga yote jalalani, na bakuli lake juu, kuliko mwanawe akwaruzwe ulimi. Bakuli si mama yako. Huyu hapa, mwenye mashavu haya, ndiye ambaye mama yako alikuachia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Ulichelewa kusema. Lakini ulisema kabla hakijafika mdomoni mwake, na ulisema wakati ambao kusema kulikuuma kuliko kunyamaza. Hilo nalo nimeliona, na Mungu ameliona. Siku nyingine usingoje mpaka kijiko kifike puani."

"Haya yote yatamwagwa?" aliuliza Bonge, akilitazama bakuli kwa huruma.

"Yote," alisema Bibi. "Kioo hakivunjiki kipande kimoja tu. Hatujui vipande vingine vidogo viko wapi."

"Hata pale katikati?"

"Hata katikati. Hata sahani ya Mama Cherehani."

"Mimi na sahani yangu tumeonja harufu, tumeshiba," alisema Mama Cherehani, akijaribu kucheka, lakini sauti ilimkatika. Alimshika Kijiko bega. "Mwanangu, lile swali langu la siku ile. Nilikuwa na mdomo tu. Nisamehe."

Kijiko alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira naye.

Walibeba chakula uani. Bibi alichimba shimo karibu na ukuta ili mbwa na paka wasije wakala, na Kijiko akamwaga mwenyewe, kwa mikono yake, makaroni yote aliyoyapika tangu saa tisa. Mvuke wa joto ulipanda kutoka shimoni. Alifukia. Kisha walirudi ndani, Bibi akaipasha moto ile supu ya kuku iliyobaki kwenye sufuria, akaimimina kwenye vikombe, akakata mkate. Walikula hivyo, kila mtu akichovya mkate wake, na hakukuwa na maneno mengi. Mahali pa Mama palikuwa wazi. Lakini Baba alikula pale mezani, akiwa amekaa, na kikombe chake kilikuwa kitupu alipomaliza.

Alipokiweka chini, alitoka akaenda karakanani. Kijiko alijua ndiyo basi. Aliinuka aanze kuosha vyombo. Alilichukua bakuli lenye pengo, akaliosha kwa uangalifu, akalifuta, na alikuwa anatafuta kile kitambaa cha kichwa alifunge, hatua za Baba ziliposikika tena uani.

Alikuwa ameshika kitu mkononi. Kilikuwa mwiko wa mti, kichwa chake kimeliwa upande mmoja kwa miaka ya kukoroga, na mpini wake umeng'aa kwa mafuta ya kiganja cha Mama. Ulikuwa na vumbi la mbao. Kumbe siku zote hizo ulikuwa umetundikwa kule karakanani, kati ya msumeno na patasi, mahali ambapo yeye peke yake angeuona.

"Mimi ndiye niliyeuficha," alisema Baba. "Ungekuwa jikoni, usingeshika chuma."

Kijiko alimtazama Bibi, na Bibi alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe.

Baba aliupangusa mwiko kwa shati lake, upande huu na upande ule, akauweka juu ya meza kando ya bakuli. Akaushika tena, kama mtu aliyebadili mawazo. Kisha akauacha palepale, akamgusa binti yake kichwani kwa kiganja chake kizito, na akatoka nje.